Mlango Ung'aao Si Mlango Udumuo



Leo sitakuandikia habari za mbegu wala mbolea. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hatukitazami mpaka kimekwisha haribika, nacho ni mbao za nyumbani mwetu: mlango, dirisha, lango la boma, ghala la mahindi, banda la mbuzi na meza za kuanikia kahawa. Mbao hizi hukaa juani na mvuani mwaka mzima, na kila mwaka watu huniuliza ofisini, "Mwalimu, nipake nini?" Huniita mwalimu kwa sababu nilisomea kazi ya ualimu kabla ya kuwa karani wa kilimo.

Maoni yangu nayasema wazi tangu mwanzo. Vanishi isiyo na rangi, ile ing'aayo kama kioo, haifai kupakwa juu ya mbao za nje katika nchi hii ya Meru na Embu. Fedha za kuinunua ni afadhali zitumiwe kwa mambo mengine nitakayoyataja.

Huenda ukasema, "Karani wa ofisi ajua nini juu ya mbao?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa kukueleza kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita mama mmoja mjane, jirani yetu katika skimu, alijenga ghala jipya la mahindi. Fundi alimtengenezea mlango mzuri wa mbao za mubariti, ambao wengine huuita mukima. Mama akaja kuniuliza apake nini. Mimi nilikuwa nimeuona mlango wa duka moja sokoni, umepakwa vanishi, unameta hata wapita njia waligeuka kuutazama. Nikamwambia, "Mama, nunua vanishi." Sikuuliza mlango watazama upande gani. Sikufikiri kwamba ule wa dukani ulikuwa chini ya baraza pana, wala jua halikuufikia. Mama aliuza beberu mmoja, akanunua mikebe miwili.

Mwaka wa kwanza mlango ulimeta. Mwaka wa pili vanishi ikapasuka vipande vipande, ikaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka. Maji yakapenya chini ya vile vipande yasipate njia ya kutoka, na ubao wa chini ukaoza. Mvua za Novemba zilipokuja kwa upepo wa kando, maji yaliingia ghalani usiku, na magunia mawili yaliyokuwa karibu na mlango yakashika kuvu.

Mama huyo ana akili. Hakuyasaga yale mahindi, hakuwapa kuku wala ng'ombe. Alichimba shimo akayafukia. Alikumbuka mwaka wa 2004, sumu ya kuvu ilipowapata watu katika wilaya za Makueni na Kitui kwa sababu ya mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Watu 317 walihesabiwa kuwa wamepatwa na ugonjwa, na 125 kati yao walikufa. Kitui si mbali na sisi. Ukivuka mto Tana kutoka Mbeere umekwisha fika.

Nilipokwenda kumpa pole, hakunikasirikia. Aliniambia maneno haya tu: "Mwanangu, kutojua si kosa. Lakini mbona hukusema kwamba hujui?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimeuliza mafundi, nimewasikiliza watu wa misitu, nimesoma, na nimetazama milango mingi. Haya niyaandikayo ni deni ninalomlipa mama yule.

Kwanza tuelewe jua letu. Mstari wa ikweta wapita karibu na mji wa Meru. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua la adhuhuri husimama utosini. Tena sisi twakaa juu milimani, na wataalamu wasema kwamba kwa kila mita 1,000 upandazo, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho huongezeka kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi. Basi mkulima wa Timau, ingawa usiku hujifunika mablanketi mawili, mchana mbao zake zachomwa na miale mikali kuliko mbao za mtu wa pwani.

Miale hiyo hufanya nini? Ndani ya mti mna nyuzi nyembamba, na nyuzi hizo zimeshikanishwa na gundi ya asili iitwayo lignini. Miale ya jua huivunja gundi hiyo juu ya uso wa ubao. Mvua ikija huosha mabaki yake, nazo nyuzi hubaki wazi, rangi ya kijivu kama mvi. Sasa fikiri juu ya vanishi. Yenyewe ni safi kama kioo, kwa hiyo miale hupita ndani yake kama ipitavyo dirishani, ikaivunja gundi ya mti chini ya vanishi. Vanishi yabaki imeshika kitu ambacho hakina nguvu tena. Hapo ndipo ibandukapo. Zipo vanishi zilizotiwa dawa ya kuzuia miale, nazo hukawia zaidi, lakini ni ghali, na juani hapa nazo hutaka kupakwa tena mapema. Tena vanishi ikisha banduka huwezi kupaka nyingine juu yake. Yakupasa uikwangue yote kwa msasa mpaka ufike kwenye mti mzima, na kazi hiyo ni ya siku nyingi.

Rangi yenyewe ni jambo jingine. Ndani yake mna unga laini usiopitisha nuru, nao huzuia miale kama mwavuli. Kwa sababu hiyo rangi nzuri ya nje, ikipakwa vema, hudumu juani kuliko vanishi. Huko Uswidi wakulima wamepaka nyumba na maghala yao rangi nyekundu ya Falun kwa mamia ya miaka. Unga wake watoka katika mgodi wa zamani wa shaba, na wekundu wake ni wa chuma, kitu kile kile kiufanyacho udongo wetu kuwa mwekundu. Rangi ile haing'ai hata kidogo. Huchujuka polepole kama chaki, haibanduki, na ikichakaa hufagiliwa kwa brashi na kupakwa tena.

Wenzetu wa pwani nao walijua siri hii zamani. Mbao za jahazi zilizo juu ya maji walizisugua kwa sifa, yaani mafuta ya papa na samaki wengine. Na zile za chini ya maji walizipaka deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Hawakutafuta kitu cha kupaka mara moja tu. Walijua kwamba bahari na jua havichoki, basi nao walipaka tena na tena. Mtu wa pwani angelicheka kusikia kwamba sisi twataka mkebe mmoja utuoneshe mlango mzima mpaka uzeeni.

Lakini, ndugu mkulima, mtu atasema, "Babu yangu hakupaka kitu, na nguzo zake zimesimama hata leo." Ni kweli, nami nimeziona nguzo hizo. Lakini tazama zilikuwa za mti gani. Wazee wetu walijenga kwa mwerezi, mkafuri na muuru, ule ambao Wazungu waliuita mwaloni wa Meru. Ilikuwa miti ya porini iliyokomaa kwa miaka mingi, na kiini cha mwerezi na mkafuri kina dawa ya asili iwachukizayo mchwa na kuvu. Mwerezi uliogeuka kijivu umeharibika ngozi tu. Ndani ungali mzima.

Leo miti hiyo si yetu kuikata ovyo. Mwaka wa 1999 misitu ya Mlima Kenya ilikaguliwa kwa ndege, ukaonekana uharibifu mkubwa, hasa wa mikafuri iliyokatwa kwa wizi. Mwaka wa 2000 msitu ukatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Na mwaka wa 2018 Serikali ilisimamisha kwa muda ukataji wa miti katika misitu yake. Kwa hiyo mbao tununuazo sokoni nyingi ni za mubariti, saipresi na mkaratusi kutoka mashambani mwetu. Miti yenyewe hukatwa ingali michanga, na sehemu kubwa ya ubao ni ile nyama nyeupe ya nje, isiyo na kinga yo yote. Nguzo ya babu ilijilinda yenyewe. Ya kwako yakungoja wewe uilinde.

Sasa nije kwenye shauri langu. Ukiwa na fedha kidogo, na nani kwetu hana kidogo, zitumie kwa utaratibu huu.

Kwanza ni kivuli. Hakuna rangi ishindayo upenu mpana wa paa. Kuta zitazamazo kaskazini na kusini hukingwa kwa urahisi, kwa kuwa hapa jua la adhuhuri huwa juu sana. Lakini upande wa mashariki na magharibi jua huingia chini ya paa asubuhi na jioni, mwaka mzima. Basi unapojenga ghala, usiuelekeze mlango magharibi kama una nafasi ya kuuelekeza kwingine. Kama umekwisha jenga, ongeza mabati mawili juu ya mlango yawe baraza ndogo. Ghala la mama jirani lilitazama magharibi. Laiti ningalimshauri anunue bati badala ya vanishi, mahindi yake yangalipona.

Pili ni kuinua mbao zisiguse udongo. Weka miimo ya mlango juu ya jiwe au saruji. Acha nafasi chini ya mlango ili maji yatiririke. Mchwa wa Mbeere hawaogopi rangi; hupanda kutoka chini mahali usipopaona.

Tatu ni ubao mkavu. Ubao uliotoka kupasuliwa jana una maji tele. Ukiupaka leo, maji hayo yatatafuta njia ya kutokea na kuisukuma rangi ifanye malengelenge. Panga mbao kivulini, utie vijiti katikati ili upepo upite, uziache kwa miezi kadhaa. Fundi atakuharakisha, mwambie asubiri.

Nne ndipo rangi. Nunua rangi ya mbao za nje, si ya ndani, na ile ya kwanza ya kushikia iwe ya mbao. Watu wengi hutumia rangi nyekundu ya kuzuia kutu ya mabati, nayo ilifanywa kwa ajili ya chuma. Chagua rangi ya nje ambayo hubaki laini, maana ubao hutanuka na kunywea kila siku, hasa Timau ambako usiku ni baridi na mchana ni moto; rangi iliyokauka kama ganda la yai itapasuka. Rangi nyeupe au nyepesi hupokea joto kidogo kuliko nyeusi au kahawia nzito. Paka ya kwanza, kisha mbili za juu, nyembamba nyembamba. Fanya kazi kivulini: asubuhi paka upande wa magharibi, alasiri upande wa mashariki, umande ukiwa umekauka na mvua ikiwa mbali.

Tena usisahau vichwa vya mbao, pale msumeno ulipokata. Mti hunywa maji kwa kichwa kama mtoto anywavyo kwa mrija. Fundi wengi hupaka uso wa mlango wakaacha ukingo wa chini kwa sababu hauonekani. Ung'oe mlango katika bawaba zake, uulaze, uupake chini kabla ya po pote pengine. Huko ndiko mlango wa mama jirani ulikoanza kuoza.

Kama wapenda kuuona mti wenyewe, na mti wako ni mzuri, tumia mafuta ya mbegu za kitani yaliyochemshwa, yaitwayo linsidi, au mafuta ya mbao yaliyotiwa rangi kidogo ya kahawia. Mafuta huingia ndani ya ubao, hayabanduki. Lakini hayadumu. Kila mwaka, kabla ya mvua za Machi, nyunyiza matone ya maji juu ya ubao. Yakisimama kama shanga, mlango ni mzima. Yakinywewa, wakati wa kupaka umefika. Na tahadhari moja: kitambaa ulichopakia linsidi usikikunje ukakitupa pembeni. Huweza kupata moto chenyewe na kuunguza nyumba. Kilowe majini, au kianike wazi nje mpaka kikauke.

Sasa niseme juu ya oili chafu ya magari. Najua wengi wenu huipaka nguzo, maana ni rahisi na yapatikana kila gereji. Silaumu mtu atafutaye njia ya bei nafuu. Hata hivyo oili hiyo haikauki. Mvua huiosha ikaingia udongoni pamoja na madini ya injini na vitu viwezavyo kuleta ugonjwa wa saratani, na baada yake rangi yo yote haitashika. Usiipake karibu na mboga, kisima, mzinga wa nyuki, hori la ng'ombe wala meza za kahawa. Kahawa huvuta harufu upesi, na mzigo ulionuka oili hushusha bei ya chama kizima. Kwa meza hizo acha mbao bila kupaka kitu, inua miguu juu ya mawe, na ubadilishe kipande kilichooza. Vivyo hivyo katika banda la mbuzi: fito watafunazo zisipakwe.

Nguzo zile za kijani zilizotiwa dawa kiwandani ni nzuri kwa ua. Lakini vipande vyake visitumiwe kuwa kuni. Zina aseniki, na sumu hiyo haiondoki kwa moto. Hubaki katika moshi na majivu. Na ukikwangua rangi ya zamani sana, loweka kwanza kwa maji, uwaondoe watoto na kuku, maana rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi.

Na kwa siku zijazo, panda mti ujilindao. Mkulima wa Mbeere aujua mukau. Huota katika nchi kavu, na kiini chake huwashinda mchwa. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, pamoja na Wajapani, wamefanya kazi ya kuchagua mbegu zake bora. Ukiupanda mpakani mwa shamba leo, huenda mwanao asihitaji kusoma makala kama haya.

Rafiki zangu wengine ofisini wataniambia kwamba naharibu furaha ya watu. Wasema mkulima aliyetaabika miaka mingi ana haki ya kuwa na mlango ung'aao siku ya Krismasi, watoto wajapo kutoka Nairobi. Nakubali. Mlango wa chumba cha ndani upake vanishi, ung'ae kabisa, nawe ujione humo. Ndani haufikiwi na jua, na vanishi itakaa miaka mingi. Lakini ghala si la kuonyesha wageni. Ghala hulinda chakula cha watoto, na mlango wake wapaswa kuhukumiwa kwa jambo moja tu: je, magunia ni makavu?

Nami nina neno kwetu sisi tulio na kalamu na meza. Mkulima atuulizapo, huenda nyuma ya swali lake yuko beberu aliyekwisha uzwa. Tukiwa hatujui, tuseme hatujui, kisha tukatafute. Si aibu.

Mwaka huu mama yule alitengeneza mlango mpya. Niliushika brashi mwenyewe, tukapaka ukingo wa chini kwanza, na juu yake kuna bati mbili za baraza. Rangi yake ni nyeupe isiyong'aa. Hakuna mpita njia ageukaye kuutazama, na magunia yaliyo ndani ni makavu.

Basi, ndugu mkulima, kesho asubuhi kabla ya kwenda shambani, inama uutazame ukingo wa chini wa mlango wa ghala lako. Uguse kwa ncha ya kisu. Kama kisu chazama, usingoje mvua. Nakutakia mavuno mema na ghala kavu.